Kansa ya mapafu ya mama imerudi baada ya operesheni na kemo, achukuliwe tena kinyama cha kupima au aanze dawa tu?

Binti wa Pili ameandika:

Habari zenu wakuu, naomba mawazo yenu maana hapa nyumbani tumegawanyika. Mama yetu ana miaka 63, hajawahi kuvuta sigara maisha yake yote. Mwaka juzi aligundulika na kansa ya mapafu, ile ya seli zisizo ndogo, aina ya adenokasinoma, akafanyiwa operesheni wakatoa sehemu yote ya juu ya pafu la kulia pamoja na tezi za jirani. Majibu ya maabara yakasema steji ya 2 kwa sababu tezi moja ilikuwa tayari imeingiliwa, ila kingo za pale walipokata zilikuwa safi. Alivyopona kidonda akapewa kemo mizunguko 4, dawa za cisplatin na vinorelbine, aliimaliza kwa tabu sana, masikio yanamvumia mpaka leo na vidole vina ganzi, lakini aliimaliza. Tukaambiwa kilichobaki ni kumfuatilia kwa skani ya CT kila baada ya miezi 6.

Skani zote zimekuja vizuri mpaka hii ya juzi. Safari hii wameona tezi zimevimba katikati ya kifua na kuna kidoa kidogo kwenye pafu la kushoto. Mama mwenyewe ukimwona huwezi kudhani anaumwa, anakula, anatembea, ana kikohozi kidogo tu ambacho sote tulijua ni mafua. Daktari wa kwanza alivyoiangalia akasema imerudi, ikisharudi hivi haipasuliwi tena, aanze kemo nyingine pamoja na imunotherapi, zile dawa za kuamsha kinga ya mwili ipigane na kansa, haraka. Tukaenda kwa daktari wa pili kupata maoni, yeye anasema hapana, kwanza apigwe skani ya PET na MRI ya kichwa, halafu achukuliwe kinyama upya kwenye zile tezi na hicho kinyama kipimwe jeni. Kupimwa jeni mara ya kwanza nadhani hakukufanyika, au kama kulifanyika sisi hatuna karatasi yake.

Kaka yetu mkubwa hataki hata kusikia habari za sindano. Anasema kansa ukiichokonoa inasambaa, na zile wiki za kusubiri majibu ndo wiki tunazoipa nafasi ikue. Mama anasema "mtakavyoona nyie wanangu", na hilo ndo linaniumiza kuliko yote manake namjua, anaogopa ila hataki kutulemea.

Kwaiyo nauliza kwa waliopitia au wanaojua, inawezekanaje irudi wakati ilitolewa yote na kemo akapata? Na hicho kinyama cha pili kina umuhimu gani kama CT imeshaonyesha? Kuna mtu yeyote hapa imemrudia na bado yupo? Naomba majibu ya ukweli, hata kama ni magumu.

---

Nesi wa Zamu amejibu:

Pole sana dada, na pole kwa mama. Mimi ni nesi, nimekaa wodi ya saratani muda mrefu, ntakueleza ninayoyajua ila uende nayo kwa daktari wa mama muyazungumze kwa sababu yeye ndo ana picha na mafaili.

Nianze na hilo la kwa nini imerudi. Hakuna aliyekosea hapo. Kansa hii hata ikitolewa vizuri kabisa inarudi kwa wagonjwa kati ya asilimia 30 na 55, na nyingi hurudi ndani ya miaka 2 au 3 ya mwanzo, ndo maana skani zinabanwa zaidi kipindi hicho. Sababu ni kwamba kabla hata daktari hajashika kisu kuna seli chache zinakuwa zimeshaondoka kupitia damu au mitoki, yaani hizo tezi, ni ndogo mno, hakuna skani inayoziona. Kemo baada ya operesheni inapewa kuziwinda hizo. Inasaidia kweli ila sio kwa kiasi ambacho watu wanadhani, uchambuzi mkubwa uliotoka mwaka 2008 uliounganisha tafiti za cisplatin ulionyesha inaongeza watu kama 5 katika kila 100 wanaokuwa hai baada ya miaka 5. Kwaiyo mama alifanya alichotakiwa kufanya, tena kwa mateso, na bado inaweza ikarudi.

Sasa kinyama. Mimi nipo upande wa daktari wa pili na nitasema kwa nini, maana hapa ndo familia nyingi zinakimbizwa. CT inaonyesha kuna kitu, haikwambii ni kitu gani. Kinaweza kuwa ile ile ya zamani. Kinaweza kuwa kansa mpya kabisa ya mapafu isiyo na undugu na ile ya kwanza, mtu aliyewahi kuugua ana uwezekano wa karibu asilimia 1 hadi 2 kila mwaka wa kupata nyingine mpya. Madaktari wamekuwa wakihangaika kuzitenganisha tangu zamani, kuna vigezo vya Martini na Melamed vya mwaka 1975 vinavyoangalia kama aina ya seli ni tofauti, kama imepita miaka 2 au zaidi bila ugonjwa, kama tezi zimehusika. Kwa mama hizo tezi za katikati zinafanya watu wafikirie zaidi kwamba ni ile ile. Lakini pia, na hii sio faraja ya uongo nakupa, kinaweza kisiwe kansa. TB inavimbisha tezi za kifua, fangasi pia, na kuna uvimbe tu wa kinga ya mwili unaokuja kwa watu waliowahi kuwa na kansa. Tena hata PET inawaka kwenye TB kama inavyowaka kwenye kansa, kwa sababu inachofuata ni sehemu inayokula sukari nyingi, na seli zinazopigana na maambukizi zinakula sukari nyingi vilevile. PET inakuonyesha pa kuchoma sindano na kama kuna sehemu nyingine iliyofikiwa, jibu la mwisho linatoka kwenye hadubini.

Halafu jeni. Mwanamke, hajavuta sigara, adenokasinoma, mtu kama huyo kumwanzishia imunotherapi bila kupimwa hitilafu za jeni zinazoitwa EGFR na ALK mimi inanitisha. Hitilafu hizo ziko zaidi kwa wagonjwa wa namna yake, na zikikutwa kuna vidonge vinavyolenga hitilafu yenyewe, mtu anameza nyumbani, na kwa kawaida vinafanya kazi vizuri kuliko kemo. Imunotherapi kwa wenye EGFR mara nyingi haisaidii sana. Na kibaya zaidi, ukianza imunotherapi halafu baada ya muda mfupi majibu yakaja ana EGFR ukahamia kwenye osimertinib, kidonge cha EGFR, hatari ya mapafu kuvimba vikali inapanda, na huyu mama pafu lake moja limeshakatwa sehemu tayari. Kwaiyo kinyama kinaamua dawa ipi ianze na ipi isianze.

Kaka mwambie hivi kwa heshima, hofu yake naielewa, nimeisikia kwa watu wengi. Kansa kufuata njia ya sindano kwenye mapafu ni jambo la nadra sana. Hatari za kweli ni nyingine, hewa kuvuja nje ya pafu au damu kidogo, na zaidi ni pale wanapochoma kupitia kifuani kulenga kidoa cha ndani ya pafu. Kwa tezi za katikati wanapitisha kamera kooni yenye altrasaundi kwenye ncha, wanaiona tezi na kuichoma kutoka ndani ya njia ya hewa, wengi wanarudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Na kuhusu muda, kuna kitu watu hawaambiwi. Kile kipande kilichotolewa kwenye operesheni hakitupwi, kinahifadhiwa maabara kikiwa ndani ya nta. Mnaweza kuomba kipande hicho kipimwe jeni hata kesho wakati mnasubiri foleni ya kamera. Pia ulizeni kama kuna kipimo cha damu cha kutafuta vinasaba vya kansa, kikipata hitilafu mna pa kuanzia, ila kisipopata usiseme hana, kinakosa mara nyingi ugonjwa ukiwa mdogo.

Mwisho hilo neno "haipasuliwi". Mara nyingi ni kweli kabisa. Ila haimaanishi haitibiki. Kama PET na MRI zikionyesha ni tezi za kifua peke yake, kuna wagonjwa wanapewa mionzi pamoja na kemo kwa nia ya kuimaliza, kama wanavyotibiwa wa steji ya 3. Vikiwa vidoa vichache vinaweza kulengwa kwa mionzi mikali kimoja kimoja. Ikiwa imesambaa sana, hapo ndo dawa za mwili mzima zinashika usukani. Ndo maana nasema mjue kwanza iko wapi na ni nini.

---

Mti Mkavu amejibu:

Mi naungana na kaka. Shangazi yangu alikuwa mzima tu, wakamchoma hiyo sindano baada ya miezi michache hayupo. Kansa haipendi kuguswa. Mtafutieni mama mizizi ya kusafisha damu, aache sukari kabisa, hospitali watawamalizia hela na mgonjwa wataondoka naye.

---

Nesi wa Zamu amejibu:

Pole sana kwa shangazi. Ila angalia mtiririko, mtu anapelekwa kuchomwa sindano kwa sababu tayari kuna kitu kimeonekana, na kwenye mapafu mara nyingi kinaonekana kikiwa kimeshaenda mbali. Kwaiyo sindano inakaa karibu na kifo kwenye kumbukumbu zetu, ila iliyoua ni kansa. Sukari, mgonjwa wa kansa hatakiwi kukonda, kumnyima chakula mtu anayesubiri matibabu ni kumpunguzia nguvu za kuyavumilia. Na mizizi naomba sana dada, kama mama anatumia chochote kiwe cha unga au cha kuchemsha, mwambieni daktari, baadhi vinagombana na hivi vidonge vya jeni kwenye ini, dawa inakuwa kali kupita kiasi au inapungua nguvu.

---

Pumzi Bado amejibu:

Umeuliza kama kuna mtu imemrudia na bado yupo. Mimi nipo.

Yangu ilikuwa pafu la kushoto, wakakata, nikapata kemo, nikajiona nimemaliza. Ikarudi kwenye kichwa. Haikuanza na kikohozi wala damu, nilianza kukosea maneno na kichwa kuuma asubuhi ninapoamka, nikawa nameza dawa za maumivu za kawaida. MRI ikaonyesha doa moja. Wakalipiga mionzi ya kulenga, halafu daktari akaomba kile kinyama cha zamani kipimwe, ikaonekana nina ALK. Tangu hapo nameza alectinib, kidonge cha ALK, asubuhi na jioni. Nimevimba miguu kidogo na choo kinakuwa kigumu, uchovu upo, lakini nafanya kazi zangu na doa halijarudi. Siwezi kukuambia nimepona, hakuna aliyeniambia hivyo. Naishi nayo.

Kwaiyo MRI ya kichwa msiiruke hata kama mama haumwi kichwa. Hii kansa inapenda ubongo, mifupa, ini, na tezi zile ndogo zilizokaa juu ya figo. Maumivu ya mgongo yasiyoisha, sauti kukwaruza ghafla, kukonda bila sababu, semeni mapema msisubiri tarehe ya skani.

Nyingine nataka niiseme kwa wengine wanaosoma hapa ambao mgonjwa wao ndo katoka kukatwa juzi na hajarudiwa na kitu. Pimeni jeni SASA. Siku hizi vidonge vinapewa hata kabla haijarudi. Mwenye EGFR kuanzia steji ya 1B hadi ya 3A anaweza kupewa osimertinib kwa miaka 3 baada ya operesheni, Marekani waliiruhusu Desemba 2020, na utafiti wake ulipofika miaka 5, wale wa steji ya 2 hadi 3A waliomeza walikuwa hai asilimia 85, wasiomeza asilimia 73. Mwenye ALK kama mimi, alectinib miaka 2, hiyo iliruhusiwa Aprili 2024. Mimi nilikatwa kabla ya hayo yote. Wasio na hitilafu hizo nao kuna imunotherapi baada ya kemo, inategemea na kipimo cha protini kwenye seli za kansa kinaitwa PD-L1. Haya mambo uliza kwa majina kabisa kwa sababu usipouliza unaweza usiambiwe.

Na mama mwulizeni anaogopa nini hasa. Mimi watu walidhani naogopa kufa, kumbe nilichokuwa naogopa ni kemo ile ile ya kutapika. Nilivyoambiwa safari hii ni vidonge nililia kwa raha.

---

Mwana wa Mzee amejibu:

Mimi baba yangu ilimrudia, yake ilikuwa ile aina nyingine, ya skwamasi, alivuta sigara miaka mingi. Kinyama kilichukuliwa upya, jeni hazikuonyesha kitu cha kupewa vidonge, PD-L1 ikawa juu, akapewa pembrolizumab na kemo ya carboplatin kwa sababu figo zisingeweza cisplatin tena. Uvimbe ulinywea kabisa, tulipata muda mzuri naye na ninashukuru mno kwa ule muda.

Kitu nilichojifunza ambacho naona kinafaa mkijaliwa kufika kwenye imunotherapi. Baba alianza kuchoka kupita kiasi, anasikia baridi, anavimba uso, ukoo mzima tukasema ndo kansa inamchukua. Kumbe ilikuwa tezi ya shingo, imunotherapi ilifanya kinga ya mwili iishambulie ikaacha kutoa homoni. Kidonge kimoja kwa siku, akarudi kuwa baba. Hiyo dawa inaweza kuamsha kinga dhidi ya kiungo chochote, utumbo mtu akaharisha sana, ini, mapafu yenyewe. Kila kitu kipya kisemwe, na hata miezi baada ya kuacha dawa kinaweza kutokea.

Baadaye iliacha kusikia dawa, baba alifariki. Naandika hivyo kwa sababu umeomba ukweli. Ila dada, kuna timu ya tiba shufaa, ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, sisi tuliikwepa kwanza tukidhani wanaitwa mtu akishakata tamaa. Sio hivyo. Kuna utafiti ulitoka mwaka 2010 kwa wagonjwa wa kansa ya mapafu iliyosambaa, waliounganishwa na tiba shufaa mapema huku wanaendelea na matibabu mengine waliishi vizuri zaidi na kwa wastani waliishi muda mrefu zaidi, miezi 11.6 dhidi ya 8.9. Sisi tulivyowaita ndo baba akaanza kulala usiku, walipanga mofini yake vizuri, kubanwa pumzi kukapungua, na ndo wao walioweza kumwuliza maswali ambayo sisi watoto midomo ilikuwa inatushinda. Waombeni mapema tu, hata kama mama yuko vizuri hivyo.

---

Binti wa Pili ameandika:

Ndugu zangu nimesoma yote mara mbili nikampa na kaka asome. Pumzi Bado, Mungu akuweke, mama nimemsomea ya kwako akanyamaza muda kisha akasema mwulize huyo mtu dawa anameza na chakula au tumbo tupu. Nikajua ameanza kuwaza mbele.

Nilimwuliza anaogopa nini kama ulivyosema, na ni kweli, ni kemo, hasa masikio.

Maendeleo ni haya, PET imeonyesha tezi za katikati zinawaka na kile kidoa kinawaka kidogo sana, kwingine kimya. MRI ya kichwa safi. Kamera ameshafanyiwa, alirudi jioni koo linauma tu. Maabara wa kwanza wamekipata kile kipande cha kwenye nta, na leo majibu yake yametoka, EGFR ipo, wameandika eksoni 19, yaani sehemu ya jeni yenye hitilafu. Ya tezi bado, ila wameshatuambia kwamba TB hawajaiona na seli zinafanana na za kwanza. Daktari wa pili anaita kikao na watu wa mionzi waamue kama ni mionzi na kemo au aanze osimertinib. Kaka yumo, ndo anayeshika faili saivi. Kuna kitu cha kuuliza kwenye hicho kikao ambacho hatujakifikiria?

---

Pumzi Bado amejibu:

Mwambie mama yangu mimi nameza na chakula kwa sababu alectinib ndo inavyotaka. Ya kwake ikiwa osimertinib anaweza kumeza na chakula au bila, cha msingi saa ile ile kila siku. Na eksoni 19 ni moja ya zile hitilafu ambazo hiyo dawa imetengenezewa hasa.

---

Nesi wa Zamu amejibu:

Afadhali hamkuanza ile imunotherapi. Kwenye kikao ulizeni kama mionzi ikielekezwa katikati ya kifua itachukua kiasi gani cha pafu lililobaki, na wampime pumzi kabla ya kuamua. Ulizeni pia nini kitafuata baada ya mionzi, osimertinib inaweza kuingia hapo vilevile, sio lazima mchague kimoja mkapoteza kingine. Kemo ikibidi, semeni habari ya masikio na ganzi mapema ili wafikirie carboplatin badala ya cisplatin.

Akianza osimertinib, kabla ya kidonge cha kwanza apimwe ECG ya moyo, na orodha ya dawa zake zote za presha na nyinginezo iwe mezani. Vipele, ngozi kukauka, kucha kuuma pembeni na kuharisha ni vya kawaida na vina tiba, asiache dawa kwa hivyo. Kinachotakiwa aende hospitali siku hiyo hiyo ni kikohozi kipya kikavu na pumzi kubana, hasa kikija na homa, msisubiri kliniki.